Mawe ya Ziwa Kilembo

Utemini, Singida. Jumatatu, 2 Desemba 1957

Daftari hili nilipewa shuleni Tabora kwa kushinda somo la jiografia. Kwa miaka miwili limekaa tupu, kwa sababu niliona aibu kulichafua kwa mambo madogo. Leo nimepata jambo la kulifungulia. Nitaandika kwa Kiswahili. Kiingereza ni cha ofisini na Kinyiramba ni cha mama. Kiswahili ninakiandika bila mtu kunisimamia begani.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, aliniita asubuhi. Tangu Julai mimi ni karani wa kunakili ramani hapa bomani, mwanamke peke yangu mwenye meza, na kila ninapoitwa huwa nadhani ni siku ya kuambiwa meza inatakiwa. Badala yake alinieleza habari za ziwa Kilembo, kule kwetu Iramba. Idara tatu zimelipima: Upimaji, Maji na Samaki. Kila moja ina ramani yake, hakuna iliyowahi kumwonyesha mwenzake, na inasemekana hazifanani. Sasa Dodoma, makao ya jimbo, wanataka ramani moja kabla ya mwisho wa Mei, ili mpaka wa ziwa utangazwe kisheria. Ndani ya mpaka patakuwa ni mahali pa samaki, na kulima kutakuwa marufuku.

Kazi yangu ni kuziomba ramani zote tatu, kuzinakili kwenye karatasi moja kwa kipimo kimoja, na kuwakutanisha wenyewe mpaka wakubaliane.

Sikumwambia kwamba mama yangu analima mpunga kando ya ziwa hilo. Hakuniuliza. Nimetembea kutoka bomani hadi kwa shangazi nikijiuliza kama hilo nalo ni uongo.

5 Desemba

Nimekwenda Upimaji kwa Bwana Mathayo, karani mkuu. Ramani zake zimo kabatini, na ufunguo wa kabati anauvaa shingoni kwa kamba. Alitaka barua. Nilikuwa nayo. Alitaka barua ya Bwana Shauri mwenyewe. Nikarudi, nikaileta. Akaisoma mara mbili, akasema haielezi kama ninaomba ramani yenyewe au nakala yake.

6 Desemba

Barua ya tatu.

9 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana. Watu wote wa Utemini wamekwenda mashambani. Ramani bado.

12 Desemba

Leo amefika Idrissa, karani wa Bwana Samaki, kwa lori lililobeba samaki wakavu, na yeye mwenyewe ananuka kama mzigo wake. Hakutaka barua yoyote. Alitoa ramani mfukoni, imekunjwa mara nane, akaitupa mezani kwangu. Kisha akauliza natoka wapi. Nilipomjibu akacheka.

"Kumbe wewe ndiye binti wa Kristina wa Kilembo. Mama yako analima ndani ya chumba cha kulala cha samaki wangu, Bibi Karani. Umwambie abishe hodi."

Makarani wote walicheka. Nilimchukia pale pale, na hata sasa ninapoandika namchukia. Alipoondoka nilipima. Ziwa lake ni pana mno. Limemeza shamba lote la mama na mashamba ya kaya nyingine arobaini, limepanda hadi nyuma ya kanisa. Mstari huu ukitangazwa, mama hana pa kulima. Juu ya kanisa ni mawe matupu.

17 Desemba

Ramani ya Maji imefika kwa posta kutoka Dodoma. Ziwa lao ni dogo kama sahani katikati ya meza.

Kilembo. 26 Desemba

Nimekuja nyumbani kwa Krismasi. Ziwa liko mbali leo, mstari wa kijivu tu nyuma ya majani. Mama ameshapanda mbegu zake za mpunga kitaluni. Nilimweleza kazi yangu huku tukipepeta.

"Wamekupa ziwa uligawe?" aliuliza.

Nikasema si kugawa, ni kuchora. Akasema hata kwenye mizinga ya nyuki ya mjomba wangu walikuja kuchora tu, na mjomba alihama kabla wino haujakauka. Nikaanza kumfafanulia kipimo na kazi ya idara, kwa sauti ile ya darasani ambayo siipendi mtu mwingine akiitumia. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama huko mjini ninakula vizuri.

Nimekuwa mgeni wa likizo katika nyumba hii tangu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja.

Utemini. 14 Januari 1958

Baada ya barua tano, ramani ya Upimaji iko mezani kwangu kwa siku mbili. Ni nzuri kiasi kwamba nilikaa tu kuitazama. Mkono umetulia na wino haukutetemeka mahali popote. Mstari wa maji unapita katikati ya mistari ya wale wengine wawili, na shamba la mama limebaki nje yake. Hii ndiyo ya kuaminiwa. Bwana Mathayo ni mgumu, lakini amekilinda kitu chenye thamani.

Bahati mbaya pembeni ilikuwa chafu: alama za vidole, duara la kikombe cha chai, maandishi ya penseli ya haraka haraka. Saa kumi, kazi ya siku ilipokwisha, niliisafisha kwa raba polepole kama nilivyofundishwa. Sasa inang'aa.

16 Januari

Nimeirudisha. Bwana Mathayo alikagua pembe zake nne kama zimekunjika, akafunga kabati. Hakusema kitu juu ya usafi wake. Nilitegemea angesema.

22 Januari

Maziwa matatu kwenye karatasi moja, moja ndani ya jingine, kama kitunguu kilichokatwa. Nimelala nayo kichwani siku tatu. Mmoja wao anasema kweli na wawili wamekosea. Sioni namna nyingine.

28 Januari

Mvua. Shangazi ameweka sufuria tano chini ya paa.

3 Februari

Mkutano wa kwanza, ofisini kwa Bwana Shauri. Walikuwepo Bwana Mathayo, Idrissa, mzungu kijana wa Idara ya Maji, na Lazaro, jumbe wa Kilembo, kwa niaba ya Baraza la Wenyeji. Mimi nilishika kalamu. Kwa saa mbili kila mmoja aliieleza ramani yake kama mtu anayemsifu mwanawe. Bwana Mathayo alisema idara yake hutumia mnyororo wa chuma, haipimi kwa kukodoa macho. Idrissa akamjibu kwamba chuma hakijui kuogelea.

Jumbe Lazaro alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia magotini.  Ndipo akauliza, kwa upole, kama anayeulizia njia:

"Mabwana, mlipima mwezi gani?"

 Nilitazama karatasi yangu, ile niliyoichora kwa majuma mawili. Maziwa matatu, na tarehe hakuna hata moja. Nami nimesoma jiografia.

Idrissa akasema yeye alikuwepo: Aprili 1952, mvua ilipopita kiasi. Mzungu wa Maji akapekua barua zake: Septemba 1954. Zote mbili kweli, basi. Ziwa lililojaa na ziwa lililokauka.

"Ya kwangu imeandikwa," alisema Bwana Mathayo. "Pembeni kwa penseli, mwezi na mwaka, kwa mkono wangu. Kesho nitawaletea."

Sikuandika sentensi hiyo kwenye kumbukumbu za mkutano. 

4 Februari

Bwana Mathayo aliitandaza ramani dirishani. Alitazama pembe moja, akatazama zote nne, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga.

"Mchwa hawali penseli," alisema, si kwangu hasa.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Sijasema.

5 Februari

Sijasema.

7 Februari

Mvua tangu asubuhi. Sijasema.

8 Februari

Bwana Shauri ameamua. Ramani ya Upimaji haina tarehe, kwa hiyo haifai. Ya Maji ilipimwa wakati wa kiangazi, haifai kwa mpaka. Inabaki ya Samaki, yenye tarehe na yenye shahidi. Tarehe ya Upimaji ikipatikana kabla ya mwisho wa Aprili ataipokea. Isipopatikana ataipeleka ya Idrissa Dodoma.

Raba yangu imelifuta shamba la mama.

Nimeigeuza hii kila upande. Nikisema, tarehe hairudi. Nikisema, watauliza kwa nini binti wa Kristina alifuta pembe ile tu, kama si kuficha mwezi wa kiangazi. Nani ataamini kwamba nilitaka iwe safi? Na nikinyamaza, hakuna atakayejua, ila Bwana Mathayo atakufa akidhani amekuwa mzee wa kusahau. Leo nilimwona anaandika jina lake pembeni ya gazeti, kisha analikodolea macho, kama anayejaribu mkono wake.

11 Februari

Nimesema.

Nilimngoja wenzake walipokwenda kula. Nilisimama mbele ya meza yake, shikamoo yangu haikutoka vizuri, na nikaeleza yote, tangu raba mpaka mama na mpunga wake. Sikulia. Nilikuwa nimejizoeza kutolia.

 Alitoa mkono. Nilidhani anataka barua, nikasema sina barua. Alitaka raba. Nikampa, akaiweka mtotoni mwa meza na kufunga kwa ufunguo.

"Mwaka wa hamsini na moja niliazimisha ramani," alisema. "Kwa ofisi moja, sitaitaja. Ilirudi imefungiwa sukari. Aliyeandikiwa barua ya onyo ni mimi. Tangu hapo sikuazimisha mtu. Wewe uliniandikia barua tano, nikasema huyu anajua thamani ya karatasi."

Ningeona nafuu kama angenipiga.

Alivuta karatasi, akaandika taarifa yake kwa Bwana Shauri mbele yangu, na haikunipunguzia kitu. Ilisema nimefuta tarehe. Ilisema pia, na hili sikulitegemea, kwamba nimekuja kusema mwenyewe bila kuulizwa. Kisha akaniambia kwamba yeye alichora tu, mwaka huo hakutoka ofisini. Aliyeshika mnyororo kule majini alikuwa Lazaro, kabla hajawa jumbe. Kama kuna mtu anaukumbuka mwezi, ni yeye.

12 Februari

Bwana Shauri alisoma taarifa akiwa amesimama. Imo kwenye jalada langu sasa na haitatoka. Hakuniondoa. Alisema niende Kilembo barabara ikipitika, nitafute tarehe, na Idrissa afuatane nami, asije mtu akasema niliwauliza jamaa zangu peke yao. Nilisema ndiyo, Bwana. Ndani yangu nilisema: Idrissa, kati ya watu wote.

20 Februari

Barabara imekatika.

3 Machi

Bado.

15 Machi

Bado. Mathayo ameniamkia kwanza leo, nami mdogo. Nikachanganyikiwa, nikamjibu marahaba, akatikisa kichwa akaenda zake.

Kilembo. 27 Machi

Safari ya siku mbili. Lori lilikwama mara tatu, na mara zote tatu Idrissa alishuka wa kwanza kusukuma. Njiani hakunitania hata mara moja. Nadhani amesoma jalada langu.

Tulishukia dukani kwa Rajabali, duka la pekee hapa ziwani. Binti yake Noorbanu ni wa umri wangu. Tulipokuwa wadogo tulicheza pamoja na alinishinda kwa matusi ya Kinyiramba. Nilimkuta anabishana bei ya karanga na mwanamke mmoja, kwa Kinyiramba kizuri kuliko changu. Alipotuona alituomba tungoje, akatoka nje uani na daftari, akainamia mkebe wa bati, akaandika.

Ni mkebe wa kupimia mvua. Idara ya Maji walimwachia baba yake mwaka 1947, wakamwomba asome kila asubuhi saa tatu. Baba macho yalipofifia akaanza yeye. Nilimuuliza anampelekea nani. Akasema hakuna aliyewahi kuja kuuliza.

"Basi kwa nini unaandika?"

"Kwa sababu jana niliandika," alisema, akashangaa swali.

Miaka kumi na moja. Haikosekani hata siku moja, hata siku ya msiba wa mama yake. Nilikaa juu ya gunia la chumvi nikafunua kurasa mpaka Idrissa akaniuliza kama naumwa. Hamsini na mbili ni mwaka wa mvua nyingi kuliko yote, kama alivyosema. Arobaini na tisa ni mwaka wa mvua haba kuliko yote.

28 Machi

Jumbe Lazaro amekiri kushika mnyororo. Mwaka haukumbuki vizuri, mwezi haukumbuki kabisa. "Nakumbuka matope tu, binti yangu." Alisema nimpe siku chache, labda akitembea atakumbuka kwa miguu.

30 Machi

Maji yanapanda. Yamefika kwenye mashina ya mpunga wa chini.

1 Aprili

Idrissa aliniambia kama nina haki ya kulichora ziwa basi nina wajibu wa kuliingia. Nilipandisha gauni mpaka magotini na kumfuata kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Akaniambia nisimame kimya. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha majani yakaanza kutikisika bila upepo, na nikaona migongo ya kambale, mingi, ikipita kati ya miguu yangu.

"Huku ndiko wanakotaga," alisema. "Wiki sita, saba. Majani haya yakifyekwa kabla, mwakani migono ya wavuvi ikitegwa inatoka mitupu. Mimi si adui wa mama yako. Lakini samaki hawana wa kuwaandikia barua."

 Tangu Desemba nilikuwa nimemchora huyu mtu kwa mstari mmoja tu.

6 Aprili, Pasaka

Kanisani. Maji yamefika kwenye njia nyembamba ya kisimani. Mama anayatazama kila asubuhi, haonyeshi wasiwasi. Nikamuuliza haogopi. Akasema maji yana miezi yao na yeye ana yake.

Sikuelewa. Nilidhani ni namna ya kusema.

16 Aprili

Lazaro ametembea kila siku na hajakumbuka. Siku kumi na nne zimebaki. Nimeandika barua kwa Bwana Shauri ya kukiri kushindwa, sijaituma.

29 Aprili, Jumanne

Lazima niandike hii polepole, kwa mpangilio.

Alfajiri mama aliniamsha akasema maji yamelala mahali pamoja siku ya tatu, twende. Nje walikuwepo wanawake wa kaya zote, pengine arobaini, kila mmoja na jiwe kichwani juu ya kata ya majani. Mawe ya mlimani, ya ukubwa wa chungu. Hakuna aliyeimba wala kufanya sherehe. Walikuwa wakisemana na kuchekana kama wanaokwenda kuteka maji. Waliteremka mpaka ukingoni. Kila mwanamke alisimama mbele ya sehemu yake, akaliweka jiwe pale pale maji yanapolamba, akanawa mikono, basi.

Nikamuuliza mama ni nini hii. Alinitazama kama Noorbanu alivyonitazama.

Kila mwaka, maji yakishalala siku tatu, wanaweka jiwe. Kuanzia siku hiyo maji yanaporudi nyuma, mwanamke anayafuata na jembe lake, anapanda viazi na mtama kwenye tope linaloachwa wazi. Nyuma ya jiwe ni mpunga wake wa mvua. Mbele ya jiwe, kabla ya siku hii, hafyeki hata jani. Ni pa wavuvi na samaki wao. Maji yakianza kupanda tena anawaachia. Jiwe la mwaka uliopita halisogezwi kamwe. Linabaki.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila Aprili ulikuwa shule," alisema mama. "Na ulipokuwa mdogo tulikuacha umelala."

Ni kweli. Tangu miaka kumi na mmoja, kila Aprili nilikuwa darasani, nikijifunza mito ya Ulaya.

Wakati huo Lazaro alikuwa amesimama nyuma yetu na Idrissa. Niliona uso wake ukibadilika. Akaanza kushuka majini akiwa na viatu vyake, akipapasa chini kwa fimbo, mpaka maji yakamfika kiunoni. Fimbo ikagonga. Akasogea hatua kadhaa, ikagonga tena. Na tena.

"Tulifuata haya," alisema. "Mnyororo ulikuwa unazama kwenye tope, bwana mpimaji amechoka, akasema fuateni mawe ya hawa kina mama, yamenyooka. Yalikuwa mapya. Yalikuwa bado na udongo mwekundu wa mlimani. Safu hii hii."

Nikamwomba Idrissa ashike ncha ya kamba. Tukapima kutoka pembe ya kanisa hadi pale fimbo ilipogonga, mahali patatu. Nikafungua karatasi yangu juu ya mgongo wa Lazaro. Mahali pote patatu, safu ile ya mawe chini ya maji ni mstari wa Upimaji. Ule mstari mzuri, usiotetemeka, nilioutazama kwa heshima siku nzima. Ni wa mama na wenzake. Bwana Mathayo aliuchora bila kujua, nami niliuabudu bila kujua.

Lakini ni wa mwaka gani? Nilimwonyesha mama. Akahesabu kutoka kwenye msingi wa kanisa, akafika mahali palipo pake.

"Hili niliweka mwaka wa njaa. Maji hayakupanda. Marko alikuwa mgongoni, hata ubatizo hajapata. Alibatizwa Jumapili iliyofuata, Pasaka."

Mdogo wangu Marko. Nilikimbia hadi misheni na gauni limelowa. Kitabu cha ubatizo: Marko, mwana wa Kristina, Pasaka, 17 Aprili 1949. Kisha dukani kwa Noorbanu: masika ya 1949, mvua haba kuliko zote. Juma la pili la Aprili 1949. Idrissa alisoma vitabu vyote viwili kwa macho yake, akaweka saini.

Hakuna ramani iliyosema uongo. Ziwa lilipimwa mara tatu likiwa na maji matatu, na kila ofisi ikafunga jibu lake kabatini.

Utemini. 6 Mei

Nimekuwa nikichora siku tano. Sitachagua mstari mmoja. Najua ni ujeuri.

14 Mei

Mkutano wa pili. Nilitandaza karatasi mpya, yenye mistari miwili ya wino: maji ya juu ya 1952 na maji ya chini ya 1954, na mwezi umeandikwa juu ya kila mmoja. Katikati nimeweka mawe ya 1949 na ya mwaka huu kwa nukta. Nafasi yote kati ya mistari nimeiacha nyeupe na kuandika: ardhi ya zamu. Ya samaki tangu maji yanapopanda hadi siku ya mawe. Ya wakulima tangu siku ya mawe hadi maji yanapopanda. Na fomu moja, ya kujazwa kila mwaka siku hiyo, nakala nne kwa idara tatu na Baraza: tarehe, mvua, mahali, aliyepima.

Mzungu wa Maji alisema sheria haijui mpaka unaotembea. Nilifungua mdomo, lakini Idrissa alinitangulia.

"Samaki wanaujua. Na hao kina mama hawajafyeka majani yangu hata mara moja kabla ya siku yao. Mimi ndiye niliyekuwa sijui siku yenyewe."

Bwana Mathayo aliomba kuiona karatasi. Aliinama akatafuta pembeni. Tarehe ilikuwa pale, kwa wino. Akasema Upimaji hauna pingamizi.

Bwana Shauri ameipeleka Dodoma kwa majaribio ya mwaka mmoja, kila idara impe mwenzake nakala. Mwaka mmoja tu. Lakini mama atapanda.

23 Mei

Noorbanu ameandikiwa barua na Idara ya Maji, wakimwomba nakala ya miaka kumi na moja. Ameniletea salamu kwamba ataiandika yote upya kwa mkono mzuri. Nimemjibu: nakili, lakini usisafishe kitu.

31 Mei, Jumamosi

Fomu ya kwanza imefika kwa lori la samaki. Noorbanu ameijaza, Jumbe Lazaro ameshuhudia. Niliipeleka Upimaji mwenyewe. Bwana Mathayo alivaa miwani akasoma kwa sauti, kama asomavyo kila kitu kinachoingia kabatini mwake.

"Ziwa Kilembo. Tarehe 29 Aprili 1958. Maji ya juu, kwa mawe. Aliyepima: Kristina binti Isaka." Mbele ya jina palikuwa na alama ya dole gumba. Akanitazama juu ya miwani. "Huyu ana cheti cha upimaji?"

"Hana, Bwana Mathayo. Lakini ule mstari wako wa arobaini na tisa, naye alikuwa mmoja wa walioupima."

 Alifungua mtoto wa meza kutafuta muhuri. Raba yangu ilikuwa bado mle, akaisogeza kando. Akapuliza muhuri, akaugonga taratibu pembeni ya fomu, mbali na dole gumba la mama ili lisifunikwe. Kisha akavua ufunguo shingoni akanipa, niiweke kabatini mwenyewe.